Sikio la kushoto: shajara ya kuzibua masikio, Nungwi 2024

14 Januari. Hali ilivyo leo

Nafanya ubaharia kwenye boti ya wazamiaji hapa Nungwi. Kazi ni kubeba mitungi, kufunga kamba, kuwapa mkono wageni wakirudi juu. Cheti cha kwanza cha kuzamia ninacho, kile kinachokuruhusu kufika mita 18. Sasa nataka niwe kiongozi wa wazamiaji, na kinachonikwamisha si kuogelea wala kuhesabu hewa iliyobaki kwenye mtungi. Ni sikio la kushoto. La kulia nikimeza mate tu linazibuka. La kushoto likifika mita 3 au 4 linabana, na nikilazimisha linauma mpaka kwenye meno.

Naandika kwa sababu hapa kijijini tuko wengi. Kijana anaanza kozi, sikio linagoma, anaambiwa ana masikio mabovu, anarudi kubeba mitungi. Hakuna anayemweleza ni kitu gani hasa ndani ya kichwa chake hakifanyi kazi. Nitaongeza maandishi kila hatua itakapoisha, na gharama nitaziweka kwa shilingi.

Lengo ni kushuka mita 18 pamoja na kundi bila kulichelewesha, bila maumivu, na bila dawa yoyote asubuhi ya kuzamia.

Hesabu kidogo kwa anayeanza. Juu ya maji tunakandamizwa na angahewa 1. Mita 10 chini ni angahewa 2, mita 20 ni 3. Hewa iliyofungiwa nyuma ya ngoma ya sikio inabaki nusu ya ujazo wake ukifika mita 10, na theluthi ukifika mita 20. Maana yake mita 10 za kwanza zina mabadiliko makubwa kuliko 10 zinazofuata, na ndiyo sababu karibu kila anayelia na masikio analia akiwa bado anaiona boti juu yake. Hewa mpya ya kujaza nafasi hiyo ina njia moja tu: mrija wa Eustachio, mfereji mwembamba wa kama sentimita 3.5 unaoanzia nyuma ya pua, juu ya kaakaa laini. Kwa kawaida umefungwa. Unafunguka tukimeza au tukipiga miayo, misuli ya kaakaa inapouvuta.

28 Januari. Kupuliza

Karibu kila kozi inaanza na njia ileile: bana pua, funga mdomo, puliza taratibu. Inaitwa Valsalva, kwa jina la daktari Mwitalia Antonio Maria Valsalva aliyeieleza mwaka 1704. Yeye hakuwa na habari na kuzamia. Alikuwa anatafuta namna ya kusukuma usaha utoke sikioni.

Wiki hizi mbili nimejaribu kila namna ya kupuliza. Kabla ya kushuka, nikiwa nashuka, mfululizo, kwa mkupuo mmoja. Sikio la kulia linaitika, la kushoto kimya. Juzi kwenye mita 4 nikaongeza nguvu, na mkufunzi, ambaye alikuwa ananitazama usoni, akanishika mkono na kunionyesha kidole gumba juu, ishara ya kupanda. Tulipotoka kulikuwa na damu kidogo ndani ya miwani.

"Mdogo wangu," akaniambia, "ukiona unapuliza mpaka macho yanatoka, ujue umeshachelewa."

Baadaye alinichorea kwenye ubao wa boti maana ya kuchelewa. Mdomo wa mrija ulio upande wa pua ni nyama laini. Ukishuka bila kuzibua, shinikizo la koo linapita lile la sikioni, na nyama ile inabanwa ijifunge. Tofauti ikifika kama milimita 90 za zebaki, sawa na mita 1.2 hivi za maji tangu ulipozibua mara ya mwisho, misuli haina tena uwezo wa kuufungua. Ni mlango unaofungukia nje huku mtu mzima ameegemea kwa nje: ukizidi kusukuma unachoka wewe. Na kupuliza kunazidi kuubana, kwa sababu shinikizo la koo ndilo linaloufunga.

Kuna ubaya mwingine mkubwa zaidi. Ukikakamua kifua, shinikizo la majimaji ya kichwani hupanda, na lile la sikio la ndani hupanda nalo. Vile viwambo vidogo vinavyotenganisha sikio la ndani na la kati vinaweza kupasuka. Dalili zake ni kizunguzungu kisichotulia, mvumo, na kusikia kunakopungua ghafla. Hapo mtu anakwenda hospitali siku hiyohiyo, hasubiri asubuhi.

Marekebisho niliyopewa ni haya: sikio likibana, acha kupuliza, panda mita moja au mbili mpaka libanduke, jaribu tena taratibu ukiwa hapo. Likikataa mara ya pili, siku imekwisha. Gharama ya hatua hii ni posho za siku nilizoachwa ufukweni.

4 Februari. Daktari wa mjini

Daladala mpaka mjini, kwenda na kurudi 6,000. Kumwona daktari wa masikio, pua na koo 30,000.

Alimulika sikio la kulia, akasema safi. La kushoto akalitazama muda mrefu. Ngoma haikutoboka, lakini ilikuwa nyekundu na yenye madoa ya damu. Akaeleza kwamba madaktari wa wazamiaji wana daraja za majeraha haya, kuanzia sifuri, ambapo mtu anaumwa lakini hakionekani kitu, mpaka 5, ambapo ngoma imetoboka. Langu akaliweka 2. Marufuku kuzamia mpaka alitazame tena na kulikuta limerudi rangi yake.

Nilidhani ataishia hapo. Akageukia pua. Akaniuliza kama nalala mdomo wazi, kama naamka na kamasi, kama kazini kuna moshi. Vyote vipo: moshi wa dizeli wa boti, vumbi la kupiga msasa mbao, na gereji ya kompresa, mashine ya kujazia mitungi hewa, ninakolala siku za zamu. Nyama za ndani ya pua zilikuwa zimevimba, zaidi upande wa kushoto, na ukuta wa kati wa pua umepinda kidogo kuelekea hukohuko. Akasema: "Wewe unashughulika na sikio, mwanangu, na tatizo lako linaanzia puani. Mrija ukivimba mdomoni, hakuna ufundi utakaoufungua."

Akaniandikia dawa ya kupuliza puani yenye fluticasone, 22,000 kwa chupa, pamoja na kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Bomba la sindano la kusukumia maji, bila sindano yenyewe, 1,000.

17 Machi. Pua, na Ramadhani

Maji ya chumvi natengeneza mwenyewe: nusu lita ya maji yaliyochemka na kupoa, kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa. Yachemshwe kweli, maji ya bomba au ya kisima hayaingizwi puani hivihivi. Unainama juu ya beseni, unainamisha kichwa upande, unasukuma taratibu tundu la juu, yanatokea la chini. Siku za mwanzo nilijikaba kwa sababu nilikuwa napumua kwa pua. Ukifungua mdomo na kusema "aaa" kaakaa linanyanyuka na maji hayashuki kooni.

Dawa ya pua nayo ilinipa kazi. Wiki ya kwanza sikuona tofauti, pua ikaanza kutoa damu, nikataka kuitupa. Mfamasia ndiye aliyeniuliza naipulizaje. Nilikuwa naelekeza katikati, kwenye ukuta wa pua. Inatakiwa ielekezwe nje, upande wa jicho, na njia rahisi ni kutumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na mkono wa kushoto kwa tundu la kulia. Halafu usivute kwa nguvu, itaishia kooni. Damu ikakoma. Na dawa hizi si za papo kwa papo, zinaweza kuchukua hata wiki mbili kufikia nguvu zake kamili, kwa hiyo anayeipuliza asubuhi ya kuzamia anajidanganya.

Ramadhani imeingia katikati ya dozi. Dawa inayopitia puani na kufika kooni wanazuoni wanaizungumzia sana, na sikutaka kubishana na mtu wala na nafsi yangu, nikahamisha kila kitu: kusafisha pua na kupuliza baada ya futari, na kwa siku ambazo pua ni nzito narudia baada ya daku kabla ya adhana. Ratiba hiyo imenifaa kuliko ile ya kabla, maana sisahau.

Mwezi huu nilipewa pia tiba za mtaani, na naziandika ili mwingine asipoteze muda. Mafuta ya habasoda ya kutia sikioni: hayana njia ya kufika kwenye mrija, ngoma imeziba. Kujifukiza majani ya mkaratusi: pua inafunguka nusu saa, kisha inarudi ilivyokuwa. Kutafuna ubani au jojo kabla ya kushuka: hii inasaidia kidogo kweli, kwa kuwa unameza mara nyingi, ila bado haitoshi kwa sikio langu.

Tiba ya nne ilitoka kwa mzee mmoja aliyezamia majongoo ya pwani ujana wake wote. Nilimkuta chini ya mkungu akishona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nasikia sikio lakutesa."

"Lanitesa."

"Mimi yangu yalipasuka zamani, yote mawili. Tangu hapo sikuumwa tena. Acha lipasuke, mwanangu, utapumzika."

Alisema kwa nia njema, nami nilimsogelea ili anisikie ninapomjibu, kwa kuwa nilishapaza sauti mara mbili. Ngoma iliyotoboka haiumi kwa shinikizo, hilo ni kweli. Lakini maji ya baridi yakipenya sikio la kati akiwa chini, mtu anaweza kupata kizunguzungu asijue juu ni wapi, na kila mbizi inaingiza uchafu usiotakiwa humo. Sikuyasema hayo. Tulizungumza habari za bei ya majongoo.

21 Aprili. Masika: kujifunza nchi kavu

Daktari alinitazama tena kabla ya Idi, ngoma imerudi rangi yake. Chupa ya pili ya dawa, 22,000. Mvua ya masika imefunga biashara, boti zimepandishwa mchangani kupigwa rangi. Ndio wakati mzuri wa kujifunza njia ya pili, na hii ndiyo nitakayoielezea kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo iliyobadilisha mambo.

Inaitwa Frenzel, kwa jina la daktari Mjerumani Hermann Frenzel ambaye njia yake ilitumiwa na marubani wa ndege za kivita wakati wa vita vya pili vya dunia, waliokuwa wakishuka kwa kasi kutoka juu sana. Rubani hawezi kukakamua kifua huku anaendesha. Katika njia hii kifua hakifanyi kazi kabisa. Unafunga mlango wa koo, hewa inabaki imefungiwa mdomoni na nyuma ya pua, na ulimi unaisukuma. Nguvu inayotoka ni ndogo na ya ghafla, mtu hawezi kujiumiza kirahisi, na unaweza kuirudia kila sekunde.

Kusoma maelezo hakukunisaidia. Kila nilipobana pua nilijikuta napuliza kwa kifua bila kujua. Kilichosaidia ni kutenganisha vipande.

Kwanza mlango wa koo. Vuta pumzi, kaa kama unataka kunyanyua mtungi, zuia. Pale kooni panapofunga ndipo penyewe. Pafunge na upafungue hapo kooni, mdomo ukiwa wazi, bila kutoa hewa, mpaka uweze kwa hiari. Siku mbili tatu zinatosha.

Pili kaakaa laini. Hapa vioo vinahitajika. Fungua mdomo mbele ya kioo, pumua kwa pua, kisha kwa mdomo, na utaona kilimi kinashuka na kupanda. Kaakaa likiwa juu, pua imefungiwa nje na hewa ya ulimi haifiki kwenye mirija. Wengi wanaoshindwa Frenzel wanashindwa hapa, nami nilikuwa mmoja wao: nikibana pua tu, kaakaa linanyanyuka lenyewe.

Tatu ulimi, na dawa ya kaakaa ilipatikana humuhumu. Sema "ng'ombe" polepole na usimame kwenye ng'. Ulimi umenyanyuka nyuma, kaakaa limeshuka, sauti inatokea puani. Yaani tayari uko kwenye mkao. Sasa bana pua katikati ya ng', funga mlango wa koo, na usukume ulimi juu na nyuma kana kwamba unataka kusema "ka" lakini haitoki. Mabawa ya pua yakivimba kidogo chini ya vidole, umepata. Mimi ilinichukua siku nyingi za kukaa barazani nikibana pua, mpaka watoto wa jirani wakawa wananisalimia kwa kubana pua.

Kipimo cha kujua kama kweli si kifua: weka mkono tumboni. Tumbo likikaza ni Valsalva. Kipimo kikali zaidi, toa pumzi yote mpaka huna kitu, kisha jaribu. Kifua kikiwa kitupu na sikio likazibuka, ni ulimi umefanya.

Nilinunua pia mapulizo, pakiti 1,000, ya kupuliza kwa tundu moja la pua huku la pili limebanwa. Kuna vifaa maalumu vya kazi hii vya watoto wenye maji sikioni. Pulizo la kawaida la harusini ni gumu mno, ukilipuliza kwa pua unarudi kwenye kukakamua kulekule. Nimeliacha.

Pamoja na hayo, ufundi wa kugusia tu: bana pua na umeze, njia ya Toynbee, inavuta hewa badala ya kuisukuma. Kushukia si nzuri kwa sikio gumu, lakini kwenye kupanda itakuja kuokoa mtu, kama nitakavyoandika.

18 Mei. Dar

Safari hii ilikuwa iwe mwanzoni mwa mwezi, ikaja Kimbunga Hidaya na bahari ikafungwa. Boti kwenda na kurudi 60,000, usafiri wa Dar 10,000, kipimo na daktari 80,000.

Kipimo chenyewe ni kizibo laini sikioni kinachobadilisha shinikizo na kuchora jinsi ngoma inavyocheza. Hakiumi. Sikio la kulia mchoro ulikuwa na kilele katikati, panapotakiwa. La kushoto kilele kilisogea kidogo upande wa hasi, maana yake hata nchi kavu mrija ule ni mvivu kurudisha hewa. Fundi akaniambia nimeze, nikabana pua nikafanya ng' yangu, akapima tena, kilele kikasogea katikati. Kwa mara ya kwanza nilikiona kwa macho kitu nilichokuwa nakihisi tu.

Daktari akasema upasuaji wa kunyoosha ukuta wa pua upo, ila kwa kiasi changu haoni sababu kwa sasa.

Kama fedha yako ni ndogo, safari hii unaweza kuiruka. Sikio lako likitoa mlio mdogo kila unapolizibua ukiwa umekaa kitako nyumbani, umeshapata sehemu kubwa ya jibu bure.

9 Juni. Kamba ya boya

Mazoezi ya maji mafupi, mita 2 mpaka 6, kwenye kamba ya boya la boti, saa za maji kupwa wakati wageni hawapo.

Kushuka kichwa chini, sikio la kushoto likagoma mita 2. Kushuka miguu chini, likaenda. Damu ikiteremkia kichwani nyama za pua na koo zinavimba, na mtu mwenye mrija mwembamba analipia. Kuinamisha kichwa bega la kulia ili sikio la kushoto litazame juu, likaenda vizuri zaidi, shingo ya upande ule ikinyooshwa. Kusogeza taya la chini mbele wakati wa kufanya ng', vizuri zaidi tena.

Lakini kilichotofautisha siku mbaya na njema ni wakati wa kuanza. Nazibua juu ya boti nikivaa mapezi. Nazibua juu ya maji kabla ya kutoa hewa kwenye koti la kuelea, ili sikio liingie na ziada kidogo. Kisha kila nusu mita, nisikie kitu nisisikie kitu, mpaka mita 10, na hapo ndipo napunguza. Mkono wa kulia kwenye kamba, wa kushoto haubanduki puani. Nikisubiri mpaka nihisi sikio limejaa ndipo nibane, tayari nimeshapoteza nusu ya nafasi.

Mkufunzi alikuwa na jambo jingine la kuongeza: nilikuwa nashuka kwa kupiga mapezi kwa sababu vipande vya risasi vya uzito kiunoni havikutosha, na mtu anayepigania kushuka hawezi kutulia kwenye koo. Tukaongeza kilo moja. Nikawa nashuka kwa kutoa pumzi tu, na kamba ikinisimamisha nitakapo.

21 Julai. Kusi, mafua, na dawa ya duka

Kusi inavuma, maji yamepoa, nusu ya boti ina mafua. Mimi nilikaa nje wiki nzima. Mwenzangu hakukaa, kwa kuwa ada ya skuli ya watoto haisubiri mafua. Alinunua dawa ya matone ya kufungua pua, akaweka asubuhi, akashuka mita 16 bila shida yoyote. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimerudi kazini, na nilikuwa naye.

Dawa ile inabana mishipa ya damu ya pua, nyama zinanywea, mrija unafunguka. Inafanya kazi. Tabu ni pale inapoisha nguvu ukiwa chini. Tulipopanda, kwenye mita 6 hivi alisimama, akashika sikio, kisha akashika mwamba kwa mikono miwili macho yakimcheza. Hewa iliyopanuka sikioni haikuwa na njia ya kutokea, na sikio moja lilipotoa kabla ya jingine, ubongo ukapata habari mbili tofauti kuhusu upande wa juu.

Kushuka ukishindwa unaghairi. Kupanda hakuna kughairi, mtungi una mwisho. Nilimwonyesha ateremke mita moja, nikabana pua yangu na kumeza ili aige. Akabana, akameza, akameza tena, akasubiri. Kizunguzungu kikaisha. Tukapanda kwa vipande vidogo, kila tukipumzika, na hewa yake ilikuwa imebaki ya kutosha kwa sababu tulianza kupanda mapema. Sitaki kufikiria ingekuwa tumeanza na mtungi uliokaribia kwisha.

Jambo jingine kuhusu matone hayo: ukiyatumia zaidi ya siku chache mfululizo, pua inayazoea na inaziba zaidi ukiacha. Mwenzangu mpaka naandika bado analala mdomo wazi.

Utaratibu wa boti yetu sasa: mwenye mafua haingii majini, anapewa kazi ya juu na posho nusu. Nusu hiyo tuliipigania kwenye kikao, kwa sababu ikiwa sifuri watu watameza dawa na kushuka.

25 Agosti. Kofia ya mpira

Fupi. Maji yako kwenye nyuzi 25, nikaanza kuvaa kofia ya mpira. Sikio la kushoto likauma tena, na nikadhani nimerudi nyuma hatua zote. Nilizibua, likazibuka, likaendelea kuuma. Kumbe kofia iliziba tundu la nje la sikio kabisa, na hewa iliyonaswa pale nje ikawa inavuta ngoma upande wa pili. Nikaivuta kofia, maji yakaingia, maumivu yakakoma hapohapo. Nimetoboa kitundu kidogo kila upande kwa sindano ya moto. Gharama sifuri. Kwa sababu hiyohiyo vizibo vya masikio vya kuogelea havivaliwi kwenye kuzamia.

Mwezi huu pia tundu la nje liliwasha na kuuma nikivuta sikio, kwa kulowa kila siku na kuchokonoa na vijiti vya pamba. Vijiti nimeacha. Baada ya kazi nasuuza kwa maji matamu, nakausha kwa ncha ya taulo, natia matone ya siki nyeupe na spiriti nusu kwa nusu, 5,000 kwa vyote viwili. Mwenye ngoma iliyotoboka, au asiye na hakika, asitie chochote.

6 Oktoba. Mnemba

Mwamba unaoitwa Kichwani, kisiwa cha Mnemba, mita 18. Mkondo ulikuwa unakwenda, kwa hiyo hakuna kamba na hakuna kusubiriana juu. Hicho ndicho nilichokuwa nakihofia kuliko kina.

Niliomba niingie wa kwanza, kabla ya wageni, nikashuka mita 5 za mwanzo taratibu huku wao wakijipanga. Ng' kwenye boti, ng' juu ya maji, kisha mfululizo, taya mbele, kichwa kwenye bega la kulia. Mita 3 sikio la kushoto lilichelewa. Nikapanda nusu mita, likatoa mlio, nikaendelea. Wageni waliponifikia nilikuwa mita 9 nawasubiri. Kwenye mita 18 nikamwonyesha kiongozi ishara ya sawa, naye akaashiria sikio lake kwa kuuliza, nikarudia ishara.

Jioni nilijimulika kwa tochi ya sikio ya mkufunzi, yeye akitazama. Ngoma nyeupe, haina doa.

Fedha taslimu zilizotoka mpaka leo ni 237,000: mjini 59,000 pamoja na chupa ya kwanza, chupa ya pili 22,000, Dar 150,000, mapulizo 1,000, siki na spiriti 5,000. Anayeruka Dar anabaki na 87,000. Posho zilizopotea sikuziweka, na ndizo zilizouma zaidi ya yote haya.

Dawa ya pua nimeacha tangu Agosti kwa ruhusa ya daktari, maji ya chumvi yanaendelea kila jioni. Gereji ya kompresa silali tena. Sikio la kushoto bado ni polepole kuliko la kulia, na nimemwambia hivyo kila kiongozi ninayefanya naye kazi, ili asidhani nazubaa. Kuanzia wiki ijayo mkufunzi ananipa vijana wawili wa kijijini ambao kozi iliwashinda kwenye mita 4. Nitaanza nao barazani, na nitaandika yatakayokwama.